Chumba cha mgonjwa si chumba cha ziada

Kama unamlea mtoto mwenye ulemavu au unamuuguza mwenza wako nyumbani, naomba ujibu swali hili kabla hatujaendelea: usiku, nani analala wapi? Sisi madaktari mara nyingi hatuliulizi. Mgonjwa tunamwona mchana, ameogeshwa, amevalishwa vizuri, ameletwa na mtu aliyeamka alfajiri. Tunapima uzito, tunaandika dawa, tunapanga tarehe ya kurudi. Kinachotokea nyumbani saa nane za usiku hatukioni, wakati sehemu kubwa ya uuguzi inafanyika huko.

Nchini Uingereza swali hili la nani alale wapi lilifikishwa mahakamani, likapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi Mahakama ya Juu, na kwa baadhi ya familia hadi Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Ubishi wote ulihusu chumba kimoja. Serikali ilikiita cha ziada. Familia zilisema bila chumba hicho mgonjwa wao hawezi kuuguzwa.

Nakueleza kisa hicho kwenye safu ya afya kwa sababu mbili. Kwanza, wapo wasomaji wenye watoto na ndugu wanaoishi huko, na sheria hiyo inawagusa moja kwa moja. Pili, kilichowasaidia walioshinda ni jambo ambalo kila mzazi hapa nyumbani anaweza kulifanya kuanzia usiku wa leo, na halihitaji wakili.

Kanuni iliyohesabu vichwa

Tuanze na mfumo wenyewe. Uingereza, mtu mwenye kipato kidogo anayeishi nyumba ya kupanga anaweza kulipiwa na serikali sehemu ya kodi au kodi yote. Kwa miaka mingi msaada huo ulitolewa kupitia halmashauri, na kwa watu wa umri wa kufanya kazi umekuwa ukihamishiwa kwenye mfumo wa pamoja wa malipo uitwao Universal Credit. Wapangaji wengi wanaoupata wanaishi kwenye nyumba za halmashauri au za vyama vya nyumba, ambako kodi ni nafuu kuliko ya mtaani.

Aprili 1, 2013 ilianza kutumika kanuni mpya iliyotokana na sheria ya mwaka 2012 ya kurekebisha misaada ya serikali. Mpangaji wa nyumba hizo, akiwa na umri wa kufanya kazi, akikutwa na chumba kimoja zaidi ya anavyostahili, alikatwa asilimia 14 ya kodi aliyokuwa akilipiwa. Akiwa na vyumba viwili au zaidi alikatwa asilimia 25. Chukua nyumba yenye kodi ya pauni 100 kwa wiki: chumba kimoja kinamgharimu mpangaji pauni 14 kila wiki, viwili vinamgharimu 25. Ajazie pengo kutoka mfukoni, au atafute nyumba ndogo zaidi. Wazee waliofika umri wa pensheni hawakuguswa.

Serikali ya David Cameron ilisema inaondoa ruzuku ya vyumba visivyotumika. Wapinzani wakaiita kodi ya chumba cha kulala. Jina hilo kwa Kiswahili linachanganya kidogo, maana kwetu kuna kodi ya mwenye nyumba na kodi ya TRA, na haya hayakuwa mojawapo. Yalikuwa makato kwenye msaada.

Serikali haikukosa hoja. Kulikuwa na familia zilizobanana zikisubiri nyumba kubwa, wakati watu wengine wana vyumba visivyolalwa na mtu. Gharama ya msaada ilikuwa imepanda sana. Hayo yanaeleweka. Kitabibu, tatizo lilianzia kwenye namna ya kuhesabu.

Kanuni ilihesabu vichwa. Chumba kimoja kwa mume na mke. Kimoja kwa kila mtu mwenye miaka 16 na kuendelea. Watoto wawili wa jinsia moja walio chini ya miaka 16 walale pamoja. Watoto wawili walio chini ya miaka 10 walale pamoja hata kama mmoja ni wa kike na mwingine wa kiume. Kwa familia ambayo wote ni wazima, hesabu hiyo haina ubaya. Wengi wetu tumekua hivyo, wengine tukiwa wanne chumba kimoja.

Lakini serikali yenyewe, katika tathmini yake kabla kanuni haijaanza, ilikadiria kwamba wapangaji wapatao 660,000 wangeguswa, na kwamba zaidi ya nusu ya kaya hizo zilikuwa na mtu mwenye ulemavu. Kwa hiyo kanuni iliyotungwa kwa kuwafikiria watu wazima wa afya iliangukia zaidi watu ambao usiku wao haufanani na wa wengine.

Familia tatu, vyumba vitatu

Familia ya kwanza ni mume na mke. Mke alizaliwa na mgongo wazi. Analala kwenye kitanda cha hospitali chenye godoro la umeme linalopunguza mgandamizo mwilini, na mumewe ndiye anayemhudumia. Chumba chao hakikutosha kuwekwa kitanda cha pili, hivyo mume alilala chumba kingine. Kanuni ikasema mume na mke wanastahili chumba kimoja, kwa hiyo hicho kingine ni cha ziada. Wakakatwa asilimia 14.

Utauliza, kwa nini wasilale kitanda kimoja kama wanandoa wengine? Hapa ndipo daktari anapopaswa kujibu. Mtu mwenye mgongo wazi mara nyingi hana hisia sehemu za chini za mwili. Wewe na mimi tukilalia upande mmoja muda mrefu, mwili unauma na tunageuka bila hata kuamka. Yeye haumwi, kwa hiyo hageuki. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu. Kidonda kinaweza kuanza ndani ya saa chache na kuchukua miezi kupona. Kikiingia kwenye mfupa au kwenye damu, kinaua. Godoro lile limetengenezwa kubeba mtu mmoja. Ukiongeza wa pili, halifanyi tena kazi yake.

Na suala la nafasi? Pima mwenyewe. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, ambacho ni kama mita tatu kwa tatu. Kitanda cha hospitali kina upana wa karibu mita moja. Weka pembeni kitanda cha nne kwa sita. Kati yake inabaki chini ya mita moja. Kiti mwendo kinahitaji kama mita moja na nusu kugeuka. Kwenye chumba hicho mgonjwa hawezi kushuka kitandani na kufika mlangoni, na anayemnyanyua hana mahali pa kusimama.

Familia ya pili ilikuwa na mabinti wawili, mmoja mwenye Down syndrome na mwingine mwenye mgongo wazi. Wao walipanga kwa mwenye nyumba binafsi, na huko nako msaada ulipimwa kwa hesabu ya vyumba ya aina hiyohiyo. Kanuni ilisema wasichana wawili walale pamoja. Watoto wenye Down syndrome wengi hubanwa njia ya hewa wakiwa usingizini: wanakoroma, pumzi inakatika kwa muda mfupi, wanashtuka, wanaamka. Mtoto mwenye mgongo wazi anaweza kuhitaji kugeuzwa, kubadilishwa nguo, au kutolewa mkojo kwa mpira, na kila mara taa inawashwa. Ukiwalaza watoto wa aina hiyo chumba kimoja, hakuna anayelala, na mzazi naye halali. Mei 2012, Mahakama ya Rufani ilisema kuwanyima chumba cha pili ni ubaguzi. Desemba 2013 kanuni ziliandikwa upya kuwatambua watoto ambao ulemavu unawazuia kulala na wenzao.

Familia ya tatu iliishi Wales. Bibi na babu walikuwa wanamlea mjukuu mwenye ugonjwa adimu wa kurithi, mtoto anayehitaji uangalizi mchana na usiku. Baadhi ya siku za wiki walikuja wahudumu wa kulipwa kulala pale ili wazee wapumzike. Chumba walicholala wahudumu hao kikahesabiwa cha ziada.

Sasa angalia hesabu ilivyokaa. Kanuni ilikuwa tayari inatoa chumba kwa mhudumu wa usiku wa mtu mzima, lakini haikutoa kwa mhudumu wa mtoto. Na ilikuwa tayari inamtambua mtoto asiyeweza kulala na mwenzake, lakini haikumtambua mtu mzima asiyeweza kulala na mwenza wake. Yaani hitaji ni lilelile, mwili wa binadamu ni uleule, lakini jibu linabadilika kwa umri. Hakuna kitabu cha udaktari kinachosema hivyo.

Novemba 9, 2016, Mahakama ya Juu iliona jambo hilohilo. Mume na mke wale walishinda, na bibi na babu wakashinda. Kuanzia Aprili 1, 2017 kanuni zilibadilishwa kuwatambua wanandoa wasioweza kulala chumba kimoja kwa sababu ya ulemavu, na watoto wanaohitaji mhudumu wa usiku. Novemba 2019 mahakama hiyohiyo, katika kesi ya wanandoa wengine waliohitaji vyumba viwili kwa sababu ya ulemavu wa mmoja wao na vifaa vyake, ilisema makato hayo hayakupaswa kutumika kwao hata kwa kipindi cha kabla ya mabadiliko.

Walioshindwa nao wana la kutufundisha

Usidhani kila mtu alishinda. Kipimo cha majaji mwaka 2016 kilikuwa kama kuna hitaji la kitabibu lililo wazi la kuwa na chumba kingine. Mahali hitaji lilipoonekana wazi, mpangaji alishinda. Mahali ambapo mahakama haikuliona, alishindwa, hata kama maisha yake yalikuwa magumu.

Mmoja wa walioshindwa ni mama aliyekuwa anamhudumia binti yake mtu mzima mwenye ulemavu mkubwa, katika nyumba iliyorekebishwa kwa ajili ya binti huyo. Kwa hesabu ya vichwa walikuwa wawili kwenye vyumba vitatu. Majaji walisema wanachohitaji ni nyumba iliyorekebishwa, si idadi ile ya vyumba, na kwamba upungufu unaweza kujazwa na fungu la hiari ambalo halmashauri hutoa kwa wanaoomba. Oktoba 2019 Mahakama ya Ulaya nayo ilikataa madai yake, ikiona kwamba kuhama, japo kungekuwa na usumbufu, kusingepingana kimsingi na mahitaji ya binti.

Mimi si mwanasheria, na sibishani na majaji kuhusu sheria. Kama daktari, neno usumbufu halinitoshi. Kwa mtu asiyeona, asiyeongea, au anayenyanyuliwa kwa mashine, nyumba aliyoizoea ni sehemu ya mwili wake. Anajua ukuta uko wapi. Mlango umepanuliwa kwa kipimo cha kiti chake. Bafu halina kizingiti. Jirani anajua degedege lake likoje na anajua ampigie nani. Ukimhamisha, yote hayo yanaanza upya, na miezi ya kuanza upya ndiyo miezi ya kuanguka, ya vidonda na ya kulazwa.

Nina shaka pia na fungu la hiari. Jina lenyewe linakueleza. Unaomba, unaweza kupewa, unaweza kunyimwa, na ukipewa muda ukiisha unaomba tena. Ulemavu wa mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi hauishi mwezi Machi mwaka wa fedha unapofungwa. Hitaji la kudumu halipaswi kutegemea msaada wa muda. Kwamba njia nyingine inawezekana, Uskoti imeonyesha: tangu mwaka 2014 serikali ya huko imekuwa ikitenga fedha za kufidia makato haya kwa wapangaji wake, ili asikatwe mtu.

Nilichojifunza kutoka kwa walioshinda na walioshindwa ni kwamba hitaji la mgonjwa halijionyeshi lenyewe. Ofisa wa nyumba haoni kidonda. Jaji haoni saa nane za usiku. Wanasoma karatasi. Kama karatasi inasema tu jina la ugonjwa, wanaona jina la ugonjwa. Kama inasema kinachofanyika chumbani, wanaona chumba.

Andika usiku wa mgonjwa wako

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza wiki hii ni wa bei ya daftari la shule. Kwa wiki mbili, andika usiku unavyokwenda. Umeamka saa ngapi, kwa nini, umefanya nini, imechukua dakika ngapi, na nani mwingine ameamka. Usipambe. Andika hivi: "Saa tano, kumgeuza. Saa nane, amepaliwa, nimemkalisha dakika ishirini. Saa kumi, mkojo, nimebadilisha shuka, mdogo wake ameamka analia." Baada ya wiki mbili utakuwa na ushahidi ambao hata mimi daktari wako sina.

Ushauri wa pili: lete daftari hilo kliniki, na ukihitaji barua, omba barua inayoeleza maisha. Barua nyingi tunazoandika ni za mistari mitatu: jina, umri, "ana mtindio wa ubongo, tafadhali msaidie." Barua hiyo haimsaidii mtu. Wapo wenye mtindio wa ubongo wanaotembea kwenda shule na wapo wanaogeuzwa mara nne usiku. Barua nzuri inasema mgonjwa hawezi kufanya nini mwenyewe, anafanyiwa nini usiku na mara ngapi, anatumia vifaa gani na vina ukubwa gani, nini kitatokea kama hapati nafasi hiyo, na kama hali hii itabadilika au ni ya kudumu. Daktari anayekujua anaweza kuiandika kwa ukurasa mmoja. Una haki ya kumwomba.

Ushauri wa tatu ni tahadhari. Chumba cha peke yake si dawa ya kila mtu. Mtoto anayepata kifafa usiku anaweza kuwa salama zaidi akilala karibu na mtu kuliko nyuma ya mlango uliofungwa. Mgonjwa mwenye msongo wa mawazo anaweza kuumia zaidi akitengwa. Ndiyo maana swali la nani alale wapi lijibiwe kwa mgonjwa mmoja mmoja, na wala asijibiwe na mtu asiyemfahamu.

Kwa wenye ndugu Uingereza

Kama una binti au kaka huko anayemlea mtu mwenye ulemavu, mwambie mambo haya. Kanuni za tangu 2017 zinatambua chumba cha ziada kwa wanandoa wasioweza kulala pamoja kwa sababu ya ulemavu, kwa watoto wasioweza kulala na wenzao, na kwa mhudumu wa usiku wa mtu mzima au wa mtoto. Kwa kawaida mgonjwa lazima awe tayari anapata posho ya ulemavu ya kiwango kinachotakiwa, na lazima mwombaji aseme mwenyewe kwamba anahitaji chumba hicho. Akinyamaza, hesabu itabaki ya vichwa.

Akikataliwa, muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa kawaida ni mwezi mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Asikae na barua kabatini. Ofisi za Citizens Advice hutoa ushauri bure. Na jambo moja zito: watu wengi walioko huko wana viza zenye sharti la kutotumia fedha za umma. Mwenye sharti hilo apate ushauri wa mambo ya uhamiaji kabla ya kuomba msaada wowote, maana kuomba bila kujua kunaweza kumharibia viza.

Na hapa kwetu

Utasema, daktari, hayo ni ya Uingereza, sisi hatuna msaada wa kodi. Ni kweli. Hapa familia nyingi zimepanga chumba kimoja, au chumba na sebule, na mwenye nyumba anataka miezi sita mbele. Nani atakupa chumba cha pili?

Lakini Tanzania na Uingereza ziliridhia mkataba mmoja, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na zote ziliridhia mwaka 2009. Ibara ya 28 inazungumzia makazi ya kutosha na kuwafikishia watu wenye ulemavu mipango ya nyumba za umma. Sisi tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Kwa hiyo wazo kwamba makazi ni sehemu ya haki ya mtu mwenye ulemavu tayari limo kwenye vitabu vyetu. Tunapojenga nyumba za umma, tunapopanga nani apewe chumba cha chini na nani cha ghorofani, wazo hilo linapaswa kuulizwa kwa sauti. Lifti ikikosekana, mama hawezi kumbeba mtoto wa kilo 40 hadi ghorofa ya tatu kila siku na kubaki na mgongo mzima.

Wakati tunasubiri hayo, yapo unayoweza kufanya. Kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nenda kwenye nyumba hiyo na kiti mwendo cha mgonjwa. Kipitishe mlangoni, kipeleke hadi chooni. Mlango wenye nafasi ya sentimita 80 unakufaa, chini ya hapo utapata shida. Hesabu ngazi. Uliza maji yako wapi. Mweleze mwenye nyumba wazi kwamba utahitaji kuweka njia ya mteremko mlangoni, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye mkataba.

Kama mna chumba kimoja tu, kitanda cha mgonjwa kiwekwe mahali ambapo anayemhudumia anafika bila kuruka wengine, na taa ndogo iwe upande wake ili isiwaamshe wote. Asubuhi na jioni mwangalie ngozi: makalioni, nyongani, visiginoni, na kwa watoto nyuma ya kichwa pia. Ukiona wekundu au weusi usioondoka baada ya kumgeuza, usimlaze tena upande huo, na mlete hospitali mapema. Jiko la mkaa lisilale ndani ya chumba, hata wakati wa baridi. Mtoto anayekoroma kwa nguvu na kukatika pumzi usingizini aletwe apimwe. Usiseme amezoea.

Na mgawane usiku. Mara nyingi namkuta mama mmoja anayelala na mgonjwa mwaka mzima, na wengine wote ndani ya nyumba wanasema "yeye ndiye anayemweza." Mama huyo ana shinikizo la damu, ana maumivu ya mgongo, analia bila sababu. Usingizi ukikosekana kwa muda mrefu, mwili hudai deni lake. Baba, shangazi, kaka mkubwa, kila mmoja achukue usiku wake, hata mmoja kwa wiki. Wale bibi na babu wa Wales walipigania chumba ili mtu mwingine alale pale na wao wapumzike. Hawakuona aibu kusema wamechoka, na Mahakama ya Juu haikuona aibu kuwasikiliza.

Kwa madaktari na wauguzi wenzangu nina ombi moja. Kwenye kadi ya kila mgonjwa mwenye ulemavu wa kudumu tuongeze mstari mmoja: analala wapi, na nani anaamka naye. Ni swali la nusu dakika. Ukilijua jibu, utaelewa kwa nini kidonda hakiponi, kwa nini dawa ya usiku inarukwa, kwa nini mama anasinzia kwenye benchi la kusubiria.

Na wewe mzazi, tukisahau kukuuliza, tuambie. Njoo na daftari lako.